Mpangilio na Upangaji: Lugha ya Elektroni katika Metali za Mpito

Mrututu ni neno la siku nyingi katika Kiswahili. Kamusi hulieleza kuwa ni chumvi ya shaba yenye rangi ya buluu, na wazee waliijua kwa kuitia juu ya vidonda kabla ya habari za atomu kuenea. Mwanafunzi wa kemia hukutana nayo tena maabarani. Huipasha moto katika neli ya kioo, maji yakaondoka kwa mvuke, na buluu ile ikageuka unga mweupe. Kisha huidondoshea tone la maji na buluu ikarudi. Shaba haikuongezwa wala haikupunguzwa, na chaji yake ni ile ile. Kilichobadilika ni majirani walioizunguka tu. Akiuliza sababu, huambiwa kwamba ioni ya shaba ina elektroni tisa katika obitali za 3d, na kwamba majirani hao ndio wanaoamua ni mwanga upi elektroni hizo ziweze kuunyonya.

Jibu hilo ni sahihi. Lakini ndani yake mna maneno mawili madogo, "ina" na "katika", ambayo hupita bila kuulizwa hati yao ya safari. Elektroni kuwa "katika" obitali ni kuwa wapi? Obitali ni kitu gani hata kitu kingine kiwemo ndani yake?

Vitabu vya shule, karibu vyote, hujibu kwa hadithi ya nyumba. Atomu ni nyumba ya ghorofa. Obitali ni vyumba. Elektroni ni watu. Kila chumba huchukua wawili wala si zaidi, na hii ndiyo kanuni ya Pauli ya mwaka 1925. Ghorofa za chini hujaa kwanza. Penye vyumba kadha vya kodi moja, kila mtu huchukua chake kabla ya kukubali kuchangia na mwenziwe, na hii ni kanuni ya Hund. Hadithi ni nyepesi, hushikika upesi, na humwezesha kijana kuandika hesabu ya elektroni za chuma au za nikeli bila kukosea. Haifai kuidharau. Elimu zote huanza kwa mfano.

Hata hivyo katika Kiswahili hadithi hii ina mtego ambao haumo katika Kiingereza. Neno lililozoeleka kwa utaratibu wa elektroni katika atomu ni "mpangilio". Asili yake ni kitenzi "kupanga", na kitenzi hicho kina kazi mbili: kuweka vitu kwa taratibu, na kukodi chumba cha kuishi. Aliyepanga vitabu na aliyepanga Kariakoo hutumia kitenzi kimoja. Mwalimu asemapo "elektroni zimejipanga", maana ya kwanza ndiyo aitakayo, lakini ya pili humjia mwanafunzi bila kualikwa, na toka hapo elektroni ni mpangaji, mwenye chumba chake, anayeweza kuhama na kuacha chumba kitupu nyuma yake. Mpangilio umekwisha kuwa upangaji.

Yafaa kukumbuka neno obitali lenyewe lilivyozaliwa. Bohr, mwaka 1913, aliizungusha elektroni katika njia maalumu kando ya kiini, kama sayari katika obiti yake. Schrödinger, mwaka 1926, aliiondoa njia hiyo na kuweka mahali pake mlinganyo wa wimbi. Mwaka 1932 Mmarekani Robert Mulliken akahitaji jina la kile kilichobaki, akachukua neno la obiti katika umbo lake la sifa, akaligeuza kuwa nomino. Basi obitali si njia, wala si mahali. Ni maelezo ya kihesabu ya hali ya elektroni moja, ikidhaniwa kwamba elektroni nyingine zote zimefanywa kuwa kama wingu la wastani linaloizunguka. Chumba kisicho na mpangaji kingali chumba. Mtu aweza kukifagia. Obitali isiyo na elektroni ni hesabu tu iliyo tayari kwa elektroni ambayo haipo.

Kiswahili kina njia tatu za kusema kuwapo: po, ko na mo. Mo hutaka kuta. "Maji yamo mtungini" ni sentensi timamu kwa kuwa mtungi ungekuwapo bila maji. "Elektroni zimo katika obitali" huazima kuta hizo hizo pasipo kuta zozote.

Madhara ya lugha hii hayaonekani kwa haidrojeni wala kwa kaboni. Huonekana pale tu msomaji anapofika kwenye metali za mpito, safu ile ianziayo skandiamu hadi shaba na zinki. Huko vitabu hutoa sheria kwamba 4s hujaa kabla ya 3d, sheria iliyopewa jina la Madelung aliyeichapisha mwaka 1936. Kwa potasiamu na kalsiamu hakuna ubishi: elektroni za mwisho za atomu hizo ni za 4s. Kisha huja skandiamu yenye elektroni moja ya 3d na mbili za 4s, na kitabu husema kwamba zile mbili ziliingia kwanza, na ile moja baadaye. Ukurasa wa pili, kitabu hicho hicho huendelea kusema kwamba skandiamu ikipoteza elektroni, za 4s ndizo zitokazo kwanza. Mwanafunzi mwenye akili huuliza: aliyeingia kwanza, kwenye ghorofa ya chini, kwa nini awe wa kwanza kufukuzwa? Majibu apewayo ni ya kutengenezwa papo hapo, na mengine ni ya aibu.

Ushahidi wa mistari ya spektra ulikuwapo muda wote. Chukua kiini cha skandiamu pamoja na elektroni kumi na nane za ndani tu, kisha uongeze zilizobaki moja moja. Ya kwanza huwa ya 3d. Ya pili huwa ya 4s. Ya tatu huwa ya 4s pia. Yaani kwa skandiamu 3d iko chini ya 4s, na atomu hujengeka kwa taratibu iliyo kinyume cha sheria. Frank Pilar aliandika juu ya kosa hili mwaka 1978 katika jarida la Kimarekani la ufundishaji wa kemia. Katika jarida hilo hilo mwaka 2010 W. H. E. Schwarz aliichambua habari yote kwa urefu, na mwanafalsafa wa kemia Eric Scerri ameirudia mara kadha. Vitabu vimebadilika kidogo sana. Na sababu moja ya ukaidi huo, pengine kubwa kuliko zote, ni kwamba hadithi ya nyumba haina nafasi ya kuweka ukweli. Maana ukweli huzaa swali lingine: kama 3d iko chini, mbona elektroni zote tatu za skandiamu zisiende huko? Jibu ni kwamba elektroni za 3d hukaa karibu karibu na kusukumana kwa nguvu, na za 4s hutanda mbali. Kuweka mbili katika 4s hugharimu zaidi kwa kila moja yake, lakini hupunguza msukumano, na jumla ya nishati ya atomu nzima huwa ndogo. Kinachoamua ni jumla. Kimo cha obitali hii au ile hakiamui peke yake, wala kimo chenyewe si cha kudumu: kila elektroni iongezwapo, vimo vyote husogea. Hakuna nyumba ambayo ghorofa zake hupanda na kushuka kwa kuwa mpangaji mpya ameingia.

Karibu na kosa hilo kuna hekaya nyingine, nayo ni ya kromiamu na shaba. Kromiamu ina elektroni tano za 3d na moja ya 4s badala ya nne na mbili. Shaba ina kumi na moja badala ya tisa na mbili. Husemwa kwamba atomu "hupenda" tabaka lililojaa nusu au lililojaa kabisa. Kitenzi "kupenda" katika kemia ni dalili ya msemaji aliyechoka. Niobiamu ina nne za 4d na moja ya 5s, hali ingaliweza kuwa na tatu na mbili. Hapo nusu haikufikiwa, na desturi imevunjwa vile vile. Tungsteni iko chini ya kromiamu katika jedwali, tena ina nne za 5d na mbili za 6s, haijali nusu asilani. Paladiamu imeweka zote kumi katika 4d na kuiacha 5s bila kitu. Upendo gani huu unaogeuka kila safu?

Lakini kasoro kubwa zaidi ni kwamba mabishano haya yote ni juu ya atomu zilizo peke yake katika mvuke, ilhali mwanakemia, kama mhunzi na mpaka rangi, hushughulika na kampaundi. Katika kampaundi metali huzungukwa na ligandi, yaani atomu au molekuli zilizoishika: maji, amonia, sianidi, kaboni monoksidi. Ligandi hizi hukabili zaidi ile 4s iliyotanda na kuisukuma juu kabisa. Ndiyo maana wanakemia wa metali za mpito huhesabu d peke yake. Nikeli katika mvuke ina nane za 3d na mbili za 4s. Nikeli hiyo hiyo ndani ya kaboni monoksidi nne, kampaundi iliyogunduliwa na Ludwig Mond na wenzake na kutangazwa mwaka 1890, huhesabiwa kuwa na d kumi, wala chaji haikubadilika. Mwanafunzi aliyefunzwa kwamba nikeli "ni" nane na mbili, kama mtu alivyo na alama za vidole, hushangaa. Naye hana kosa.

Hapa haki yataka isemwe kwamba hadithi ya nyumba ina siku yake njema, nayo ni siku ya Hans Bethe. Katika makala yake ya mwaka 1929 Bethe alionyesha kwamba obitali tano za d, zilizo sawa kwa nishati atomu ikiwa peke yake, hugawanyika zikizungukwa na chaji zilizopangwa kwa umbo maalumu. Ligandi zikiwa sita, moja kila upande na juu na chini, obitali mbili huwaelekea majirani ana kwa ana na kupanda. Tatu hupenya katikati yao na kushuka. Titaniamu yenye chaji tatu, ikiwa ndani ya maji, ina elektroni moja tu ya d. Mwanga wa kijani wa urefu wa wimbi karibu nanomita 500 huipandisha toka kundi la chini hadi la juu, na maji yakaonekana ya zambarau. Hartmann na Ilse waliueleza mstari huo kwa njia hii mwaka 1951. Katika chuma chenye chaji mbili, kuna elektroni sita za kugawanya. Kikizungukwa na maji, nafasi baina ya makundi ni ndogo, nazo hutawanyika hata nne zikabaki bila mwenzi, na chumvi huvutwa na sumaku. Kikizungukwa na sianidi, nafasi ni kubwa, zote sita hushuka na kukaa mbili mbili, na mvuto huo hutoweka. Hapo lugha ya kodi na kuchangia chumba hufanya kazi barabara: kupanda ghali, au kubanana chini. Mwalimu asinyang'anywe mfano huo mahali unapofaa.

Mfano huanguka tena palipo na swali la umiliki, na palipo maarufu kuliko pote ni katika damu. Mwaka 1936 Linus Pauling na Charles Coryell walipima tabia ya hemoglobini mbele ya sumaku. Isiyo na oksijeni ilikuwa na elektroni nne zisizo na mwenzi kwa kila atomu ya chuma. Iliyobeba oksijeni haikuwa na hata moja. Ajabu ilioje, maana oksijeni yenyewe, ikiwa peke yake, ina elektroni mbili zisizo na mwenzi. Vitu viwili vyenye kuvutwa na sumaku vikaungana na kuwa kimoja kisichovutwa. Pauling alieleza kwamba chuma chenye chaji mbili kimeunganisha elektroni zake sita, na oksijeni nayo imeunganisha zake. Mwaka 1964 J. J. Weiss akasema sivyo: chuma kimeipa oksijeni elektroni moja, kimebaki na chaji tatu na elektroni moja bila mwenzi, nayo oksijeni imekuwa superoksidi yenye moja bila mwenzi, na hizo mbili zimeelekeana kinyume zikafutana. Vipimo vya baadaye vya mtetemo wa oksijeni iliyoshikwa vilikaribia vile vya superoksidi, na Weiss akapata wafuasi wengi. Wafuasi wa Pauling hawakwisha.

Kwa muda mrefu ugomvi huo uliendeshwa kama kesi ya mali. Elektroni ile ni ya chuma au ya oksijeni? Msomaji atazame neno "ile". Kionyeshi hutaka kitu kinachoweza kuonyeshwa kati ya wenziwe, na elektroni hazitambulikani moja na nyingine: si kwamba ni vigumu kuzitofautisha, bali hakuna tofauti ya kuonwa. Hakuna elektroni "ile" iliyotoka chumani ikaenda kwenye oksijeni. Iko jumla ya elektroni za muungano mzima, na maelezo ya Pauling na ya Weiss ni njia mbili za kuikata jumla hiyo vipande vyenye majina. Hesabu za mekanika ya kwanta huonyesha mchanganyiko wa yote mawili, na kiasi cha kila moja hutegemea mahali mhesabuji alipochora mpaka. Wakili angesema kesi haina mlalamikaji.

Wapo waliotambua jambo hili mapema. Mdenmaki Christian Klixbüll Jørgensen aliandika mwaka 1966 kwamba baadhi ya ligandi "hazina hatia", kwa maana kwamba zikiwapo, hesabu ya elektroni za metali haina shaka; nyingine ni za kutiliwa shaka. Oksidi ya naitrojeni, molekuli yenye atomu mbili tu, ndiyo mtuhumiwa wa kwanza: ikishikana na chuma, mtu aweza kuihesabu kuwa na chaji chanya, au bila chaji, au chaji hasi, na kila mara elektroni za chuma hubadilika kwa karatasi. Lugha ya mahakama haikuwa bora kuliko lugha ya nyumba, ila angalau ilikiri kwamba kuna jambo la kuhukumiwa. Enemark na Feltham, mwaka 1974, walifanya vizuri zaidi. Walitunga alama moja ambayo huweka metali na oksidi ya naitrojeni ndani ya mabano pamoja, na kuandika juu yake idadi ya elektroni za d za metali zikijumlishwa na zile za obitali husika za ligandi. Alama haisemi ni ngapi za nani. Ni uandishi mnyofu: umeandika kinachojulikana ukaishia hapo. Katika historia nzima ya maneno ya somo hili ni vigumu kupata tungo lenye adabu kama hilo.

Kinyume chake kilionekana mwezi Septemba mwaka 1999, jarida la Nature lilipochapa picha za oksidi ya shaba zilizopatikana kwa miale ya eksi na miale ya elektroni. Zuo na wenziwe wa Arizona walionyesha upungufu wa chaji wenye umbo la obitali ya d kando ya shaba, na kichwa cha makala yao kilisema kwamba matundu ya obitali yameonwa moja kwa moja. Scerri alipinga mwaka uliofuata: kinachoonwa ni msongamano wa elektroni, na obitali, kwa kuwa ni kifaa cha hesabu, haiwezi kuonwa. Kwa herufi za sheria Scerri ana haki. Lakini ukali wake ulikuwa na kijuba kidogo. Watafiti wale walipima jambo la kweli, kwamba shaba ile haikuwa na d kumi kamili kama vitabu visemavyo. Kosa lao lilikuwa katika kitenzi. Lau wangalisema wameona upungufu wa elektroni wenye umbo ambalo hesabu ya obitali ililitabiri, ubishi ungalipungua sana.

Na suala la vitenzi ndilo liwahusulo watungao istilahi za Kiswahili. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, kazi kubwa iliyohitajika sana. Kamusi za namna hiyo, kwa desturi yake, hushughulikia nomino. Nomino hupewa kikao, hujadiliwa, huchapwa. Vitenzi huachwa vijitafutie riziki. Nchini Tanzania, ambako shule za msingi za serikali kwa jumla hufundisha kwa Kiswahili na za sekondari kwa Kiingereza, hali hii ina uzito wake. Kitabu cha kidato cha tano husema kwa Kiingereza. Mwanafunzi asipoelewa, mwalimu huacha chaki akaeleza kwa Kiswahili, kwa mdomo, kwa vitenzi alivyovikuta njiani. Hapo ndipo elimu inapoingia au inapopotoka, na hakuna kikao kilichopata kuvijadili vitenzi hivyo.

"Kujaza" kwafaa kuachiwa mitungi na fomu. "Kukaa" na "kukalia" huleta kiti na nyumba. "Kumiliki" huleta hati. Kipo kitenzi kilicho karibu na ukweli, nacho ni "kuhesabiwa", kwa kuwa hali ya kutendwa humkumbusha msikilizaji kwamba yupo anayehesabu na kwamba angeweza kuhesabu vingine. Chuma cha hemoglobini yenye oksijeni huhesabiwa na Pauling kuwa na d sita, na Weiss kuwa na d tano: sentensi hii haina ugomvi ndani yake, na haimfichi mwanafunzi kitu. "Mpangilio" hauna sababu ya kuondolewa, kwa maana umekwisha kuzoeleka. Litoshe kwamba mwalimu asiuvute upande wa kodi ila anaposema juu ya kugawanyika kwa d mbele ya ligandi, ambako mfano unabeba mzigo wake. Na palipoandikwa kwamba 4s hujaa kwanza, iandikwe kwamba potasiamu na kalsiamu zina elektroni za 4s wala hazina za 3d, kwamba kuanzia skandiamu 3d iko chini, na kwamba atomu yenye nishati ndogo kuliko zote ndiyo inayopatikana. Ni maneno mengi zaidi ya sheria ya mstari mmoja, kama thelathini hivi.

Mrututu nao waweza kuelezwa vivyo hivyo. Shaba yake huhesabiwa kuwa na d tisa, kabla ya moto na baada ya moto. Ikizungukwa na maji manne na oksijeni mbili za salfati, nafasi baina ya makundi ya d ni kubwa kiasi cha kunyonya mwanga mwekundu, na macho hupokea buluu iliyobaki. Maji yakiondoka, salfati peke yake huigawanya d kwa nafasi ndogo zaidi, mnyonyo huhamia upande wa miale isiyoonwa, na unga huonekana mweupe.